Ziara ya siku moja Pemba: Ngezi, Wete na Chake Chake

Kundi lisizidi watu sita. Njia za msitu wa Ngezi ni nyembamba, na wa nyuma hawamsikii mwongozaji.

Anzeni na msitu. Wengi huanza na makumbusho ya Chake Chake kwa kuwa yako karibu, wakafika Ngezi jua la utosini, ndege wamenyamaza na wanyama wamejificha. Ondokeni Chake saa 12:30 asubuhi, mpite Konde. Lipeni kiingilio getini na mchukue mwongozaji wa msitu. Mwambieni awaonyeshe mpapindi, mti wa jamii ya mnazi wa asili ya Pemba, na kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Vaeni viatu vya kufunika mguu: mizizi huteleza hata siku ya jua. Masika njia hujaa matope, hivyo ongezeni nusu saa.

Wete mle chakula cha mchana, kilichoagizwa kwa simu tangu jana yake. Hoteli ndogo hazipiki ziada. Ijumaa fikeni mapema, maana maduka hufungwa kwa sala. Ramadhani bebeni chakula, mle faraghani. Msimu wa karafuu, msikanyage wala kuegesha gari kwenye majamvi ya kuanikia barabarani.

Makumbusho ya ngome ya Chake yawe saa 9 alasiri. Mwisho nendeni Kidike, hifadhi ya popo wa Pemba. Msipige makofi ili waruke: mchana ndio wakati wao wa kulala.