Rangi ya udongo na chapa za majani kwa watoto wa chekechea

Dada yangu alinipigia simu juzi: ana watoto 12 wa chekechea, chupa zake za rangi zimekauka zote, afanyeje? Nikamwambia rangi anaikanyaga kila siku. Hapa Lushoto udongo ni mwekundu hata soksi zinajua.

Hatua ya 1: Udongo

Chimba kwenye ukingo wa njia, mbali na samadi na vyoo. Koroga na maji ndooni, subiri mchanga utuame kwa dakika moja hivi, kisha mimina maji mekundu kwenye chombo kingine ukiyachuja kwa khanga kuukuu. Yalaze usiku. Asubuhi mwaga maji ya juu. Tope laini la chini ndiyo rangi. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa, njano ni manjano ya jikoni.

Hatua ya 2: Uji wa kushikiza

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Mara ya kwanza nilitumia tope na maji tu. Picha zilipendeza mpaka zilipokauka: nilipozitundika, vumbi jekundu likamwagika sakafuni, ukutani yakabaki makaratasi matupu. Nikajaribu gundi ya mbao. Inashika, ila ikikaukia kwenye sare haitoki. Yai nalo liliita nzi. Sasa natumia unga wa muhogo, na sibadilishi tena.

Vuruga vijiko 2 vya unga kwenye nusu kikombe cha maji BARIDI. Ukiutia mkavu kwenye maji ya moto utapata mabonge, na mabonge hayo hayatoki hata ukiyabembeleza. Mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, koroga bila kuacha mpaka weupe uishe na uji uanze kung'aa. Ukiepua mapema, hautashika. Uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa.

Ukipoa, changanya kijiko 1 cha uji na vijiko 2 vya tope. Lakini udongo haufanani, kwa hiyo paka kidogo pembeni, kausha juani, sugua kwa kidole. Kidole kikitoka chekundu, ongeza uji. Rangi ikipasuka kama tope la kiangazi, ni nzito mno, ongeza maji. Pika wa siku hiyo tu, maana wa jana huchacha.

Hatua ya 3: Majani

Mpera na parachichi ndiyo bora, mishipa yake imetokeza. Bamia iliyokatwa kwa upana hutoa ua. Chuma mwenyewe kwanza: mnyaa, ule mmea wa uzio wenye utomvu mweupe, usiuguse kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Hatua ya 4: Kupiga chapa

Paka rangi upande wa chini wa jani, lilaze kwenye karatasi, bonyeza. Brashi za dukani za nini? Kipande cha sponji ya godoro kinawatosha vidole vidogo. Boksi la kaki hunywa rangi vizuri kuliko karatasi ya daftari.

Jambo moja kuhusu manjano: waambie wazazi mapema. Doa lake likikutana na sabuni hugeuka jekundu, na mzazi mmoja alinijia mbio akiwa ameshika sare mkononi, akidhani mwanawe ametoka damu. Lisuuze na maji yenye ndimu, litarudi njano, kisha anika juani, jua hulififisha.