Jinsi ya kusoma mabadilishano ya wachezaji wa hoki: kikomo cha mishahara na zamu za drafti

Mechi ya Montreal inayoanza saa moja jioni kwao hutufikia hapa Lubumbashi saa nane usiku wakati wa majira yao ya baridi, na wanaoikesha katika mji huu si wengi. Wengi wetu tuliijua hoki ya barafu kupitia ndugu waliohamia Kanada, wanaotutumia vipande vya video na kutupigia simu kutueleza nani kahamia wapi. Hapo kwenye kuhama ndipo tunapopotea, kwa sababu tumelelewa na mpira wa miguu. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mnamo Januari 2016, kila mtu mtaani Kamalondo alielewa kilichotokea: klabu moja ilitoa fedha, nyingine ikamtoa mchezaji. Katika ligi ya NHL, yenye timu 32 za Kanada na Marekani, mambo hayaendi hivyo. Mwezi Juni 2019 Toronto ilimpeleka mchezaji Patrick Marleau kwa Carolina, ikaongeza juu yake zamu yake ya raundi ya kwanza na ya raundi ya saba katika drafti ya 2020 (uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu hupeana zamu za kuchagua vijana wapya), na yenyewe ikapokea zamu moja tu ya raundi ya sita. Niliposoma habari ile mara ya kwanza nilidhani mwandishi ameyageuza majina ya timu. Hakuwa ameyageuza, na ili kuelewa kwa nini, nililazimika kujifunza kusoma habari hizi upya, kwa daftari na kalamu.

Fungua ukurasa, uugawe kwa mstari katikati, na kila upande uandike timu moja. Chini ya jina la timu usianze na sifa za mchezaji wala mabao yake; anza na uzito. Yeyote aliyewahi kupakia lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anajua kwamba mizani haiulizi kama mzigo ni shaba au ni mahindi. Inauliza tani tu. Kikomo cha mishahara ni mizani ya namna hiyo. Kilianza msimu wa 2005-06, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa sababu wenye timu na wachezaji hawakuafikiana. Mwaka ule wa kwanza kila timu iliruhusiwa dola milioni 39 kwa mishahara ya wachezaji wake wote. Katika msimu wa 2025-26 kikomo kilifika dola milioni 95.5, na kulikuwa pia na kima cha chini cha dola milioni 70.6 ambacho timu haikutakiwa kushuka chini yake. Kikomo hiki hakina mlango wa faini: tajiri hawezi kulipa ili apite. Wakati wa kiangazi tu, kabla ya msimu kuanza, timu huruhusiwa kukizidi kwa asilimia 10, kisha hulazimika kushuka.

Uzito wa mkataba si kiasi anachopokea mchezaji mwaka huo. Ni jumla ya mkataba ikigawanywa kwa miaka yake. Connor McDavid alisaini na Edmonton mkataba wa miaka minane wa dola milioni 100 ulioanza msimu wa 2018-19, kwa hiyo kila mwaka alihesabiwa dola milioni 12.5, hata kama malipo yenyewe yalipangwa makubwa mwanzoni na madogo mwishoni. Tofauti hii kati ya uzito na fedha taslimu ni muhimu kuliko inavyoonekana. Timu yenye mapato madogo, inayohangaika kufikia kima cha chini, inaweza kuufurahia mkataba wenye uzito mkubwa ambao fedha zake nyingi zimeshalipwa na mwingine.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Pavel Datsyuk. Mwaka 2016 aliamua kurudi kwao Urusi, huku akiwa bado na mwaka mmoja wa mkataba na Detroit, na kwa kuwa mkataba ule ulihesabiwa kuwa wa mchezaji aliyefikisha miaka 35, uzito wake wa dola milioni 7.5 ungebaki kwenye mizani ya Detroit hata asipocheza dakika moja. Arizona iliuchukua. Pamoja na mkataba huo ilipewa zamu ya 16 ya drafti ya mwaka huo, nayo ikatoa zamu ya 20, zamu ya 53 na mchezaji Joe Vitale. Mtu ambaye hatavaa jezi ya timu alihamishwa, na kuhama kwake kulikuwa na bei. Ukiuelewa mfano huu, nusu ya kazi umeimaliza.

Sasa rudi kwa Marleau. Alikuwa na miaka 39, amebakiza mwaka mmoja wenye uzito wa dola milioni 6.25, na Toronto ilikuwa na vijana waliokuwa wanadai mikataba mikubwa. Ilichonunua Toronto ni nafasi tupu ya dola milioni 6.25, na iliinunua kwa zamu ya raundi ya kwanza. Carolina ilimlipa Marleau ili kuuvunja mkataba, kisha ikaisubiri drafti. Zamu ile ilianguka nafasi ya 13, na Carolina ikamchagua Seth Jarvis, ambaye amekuwa nguzo ya safu yake ya ushambuliaji. Carolina hiyohiyo, katika mwaka wa 2016, ilikuwa imeuchukua kutoka Chicago mzigo wa mkataba wa Bryan Bickell, wenye uzito wa dola milioni 4, na kama ujira wa kuubeba ikapewa Teuvo Teräväinen, kijana wa miaka 21, huku yenyewe ikitoa zamu moja ya raundi ya pili na moja ya raundi ya tatu. Mwaka 2022 ikampokea Max Pacioretty kutoka Vegas, uzito wa dola milioni 7, bila kutoa chochote cha maana. Mara tatu timu moja iliuza bidhaa ileile, yaani nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi wakati wengine wamejaza mpaka juu. Mimi naamini ustadi huu unastahili heshima sawa na ule wa kufunga mabao. Nasema hivyo nikikumbuka pia kwamba Bickell, mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2016, aligunduliwa kuwa na ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu. Katika daftari aliandikwa kama uzito. Alikuwa mtu, mwenye familia na mwili uliokuwa unamsaliti bila mtu kujua.

Ikiwa timu inayomtaka mchezaji haina nafasi, angalia kama timu inayomtoa imekubali kubaki na sehemu ya mshahara. Sheria inaruhusu kubakiza hadi asilimia 50, kwa mikataba isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja katika kila timu, na mkataba mmoja unaweza kubakizwa mara mbili tu. Fanya hesabu hii kwa mkono wako. Februari 2023 Ryan O'Reilly wa St. Louis alikuwa na uzito wa dola milioni 7.5. St. Louis ikabaki na nusu, milioni 3.75. Minnesota ikaingia katikati, ikachukua nusu ya nusu, milioni 1.875, na kumpitisha. Toronto ikampokea nahodha aliyewahi kutwaa kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, kwa uzito wa milioni 1.875 tu. Minnesota, ambayo haikumtumia O'Reilly hata siku moja, ililipwa zamu ya raundi ya nne ya 2025 kwa kuwa daraja. Tangu msimu wa 2025-26 daraja hili limewekewa kizuizi: kati ya ubakizaji wa kwanza na wa pili lazima zipite siku 75 za msimu, kwa hiyo ujanja wa kumpitisha mchezaji katika timu mbili kwa siku moja hauwezekani tena. Ukisoma habari za kabla ya hapo, usizipime kwa sheria ya leo.

Kalenda nayo ina nguvu zake. Uzito huhesabiwa kwa siku, na siku ya mwisho ya kubadilishana huangukia kwa kawaida mwanzoni mwa Machi. Timu iliyoacha dola milioni 1 wazi tangu mwanzo wa msimu, ikibaki robo tu ya siku za msimu, inaweza kumpokea mchezaji mwenye uzito wa karibu milioni 4 kwa mwaka, kwa sababu robo ya milioni 4 ni milioni 1. Ndiyo maana ndugu yako wa Montreal anakupigia simu Machi na si Novemba. Mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu hutoa pia nafuu, kwa kuwa timu inaweza kuzidi kikomo wakati hayupo. Msimu wa 2020-21 Nikita Kucherov wa Tampa Bay, mwenye uzito wa milioni 9.5, alikosa msimu wote wa kawaida, timu ikautumia mwanya huo, kisha akarudi hatua ya mtoano ambako mizani haikuwepo, na Tampa Bay ikabeba kombe. Ilikuwa halali wakati ule. Kuanzia msimu wa 2025-26 wachezaji 20 wanaopangwa kwa kila mechi ya mtoano wanatakiwa kuwa ndani ya kikomo, na mimi nimefurahi kuona mwanya huo umezibwa.

Baada ya uzito, kinachofuata katika daftari ni zamu za drafti. Kila mwaka timu huchagua vijana, wengi wao wa miaka 18, katika raundi saba. Usidanganyike na neno raundi ya kwanza. Timu 16 zilizokosa hatua ya mtoano huingia katika bahati nasibu ya zamu mbili za juu, ambapo hakuna inayoweza kupanda zaidi ya nafasi 10, na bingwa huchagua wa mwisho katika raundi. Zamu ya timu inayoongoza ligi, inayouzwa Machi, ina uwezekano mkubwa wa kuangukia kati ya nafasi ya 28 na ya 32. Zamu ya timu dhaifu inaweza kuwa ya tatu. Umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa kuliko umbali kati ya raundi ya kwanza na ya pili, kwa hiyo daima andika zamu ni ya timu gani na ya mwaka gani.

Thamani ya zamu haitokani na kipaji peke yake. Kijana aliyechaguliwa husaini mkataba wa kwanza ambao mshahara wake wa msingi haupiti takriban dola milioni 1, kwa muda wa miaka mitatu. Connor Bedard, aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago mwaka 2023, alianza kwa dola 950,000 kabla ya bonasi. Mchezaji mkubwa kwa uzito mdogo ni kitu ambacho soko la wachezaji huru, waliomaliza mikataba yao, haliwezi kukuuzia kwa bei yoyote. Zamu hutumika hata kama fidia rasmi: mwaka 2021 Carolina ilimpa Jesperi Kotkaniemi wa Montreal ofa ya mwaka mmoja ya zaidi kidogo ya dola milioni 6.1, Montreal haikukubali kulipa kiasi hichohicho ili kumbakiza, na ikapokea zamu ya raundi ya kwanza na ya raundi ya tatu kama sheria inavyopanga.

Kabla ya kufunga ukurasa, angalia haraka kama mchezaji ana haki ya kukataa kuhamishwa, haki ambayo anaweza kuiweka mkatabani kuanzia miaka 27 au baada ya misimu saba. Akikubali timu mbili tu, bei yake hushuka, na hilo hueleza mabadilishano mengi yanayoonekana ya hasara.

Kisha masharti. Novemba 2017 Ottawa ilimchukua Matt Duchene kutoka Colorado katika mpango wa timu tatu, ikatoa zamu yake ya kwanza ya 2018, lakini kwa sharti kwamba ikiwa zamu hiyo ni ya kumi au juu zaidi, inaweza kuibakiza na kutoa ya 2019. Zamu ya 2018 ikawa ya nne. Ottawa ikaibakiza na kumchagua Brady Tkachuk, aliyekuja kuwa nahodha wake. Mwaka uliofuata timu ikaanguka zaidi, na zamu iliyokwenda Colorado nayo ikawa ya nne: Bowen Byram, aliyeshinda kombe la Stanley na Colorado mwaka 2022. Katika daftari langu mshale ulianza kwa Duchene ukafika kwa Byram, na nikadhani umefika mwisho. Machi 2024 Byram akaenda Buffalo, akaja Casey Mittelstadt. Machi 2025 Mittelstadt akaenda Boston, akaja Charlie Coyle. Juni 2025 Colorado ikampeleka Coyle Columbus pamoja na Miles Wood, uzito wa jumla wa dola milioni 7.75, ili kupata nafasi, na miongoni mwa ilivyopokea ni zamu ya raundi ya pili ya 2027 yenye masharti. Mstari huo nimeuandika tarehe na kuuacha mtupu.