Kufunga sola nyumbani huku Dodoma: anza na kalamu, paneli baadae

Jua la huku kwetu halina shida jamani. Mvua yenyewe inaanza Desemba inaishia Aprili, na hata miezi hiyo jua linatoka katikati ya mawingu, kwaiyo ukiona sola ya mtu inazima saa mbili usiku usikimbilie kusema jua, mara nyingi tatizo liko kwenye hesabu au kwenye waya.

Kabla hujaenda dukani chukua karatasi uandike kila kitu unachotaka kuwasha, wati zake na masaa. Mfano nyumba ya kawaida: zidisha wati kwa masaa upate wati-saa, taa 5 za wati 5 kwa masaa 5 ni 125, tv ya wati 40 masaa 5 ni 200, king'amuzi cha wati 15 masaa hayohayo ni 75, simu tatu weka 30. Jumla wati-saa 430 kwa siku. Gawa kwa 5, maana jua lenye nguvu kweli kwa siku tuhesabu masaa matano, unapata wati 86, alafu ongeza kama theluthi kwa ajili ya vumbi, joto na nguvu inayopotelea njiani, unafika karibu wati 115 au 120. Nunua paneli ya wati 150 upate nafasi ya kupumua. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu yake, kwaiyo ya volti 12 ampea 100 ina wati-saa 1200 ndani lakini ya kutumia ni 600, inakutosha siku moja na kidogo. Ukiwa na hela ya lithiamu hiyo unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, ila hakikisha kontrola yako, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, ina mpangilio wa lithiamu.

Sasa dukani kuwa makini sana na paneli feki. Jua kali kabisa linaleta kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza karibu moja ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Kwaiyo mtu akikuonyesha paneli imeandikwa wati 300 na unaweza kuibeba kwapani, rudisha, hiyo lebo inadanganya. Nenda na futi kamba kabisa, pima urefu na upana pale pale mbele ya muuzaji, usione aibu, hela ni yako.

Juu ya bati, paneli iangalie kaskazini. Simama jua la asubuhi liwe mkono wako wa kulia, mbele yako ndio kaskazini, kwa watu wa mjini ni upande wa Kondoa. Usiilaze kabisa, paneli ya urefu wa mita moja na nusu nyanyua upande wa kusini sentimita 30 hivi, inatosha maji ya mvua kushuka na vumbi. Acha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati, kama upana wa kiganja, maana paneli ikipata joto kali inapunguza umeme, watu wengi hawajui hili wanadhani joto ndio linaongeza. Na boliti zishike kwenye papi, zile mbao za chini ya bati, sio bati peke yake, upepo wa huku wa kiangazi tunaujua. Kila tundu liwe na washa ya mpira na silikoni. Kivuli cha mwarobaini au tenki la maji kikigusa hata kona, paneli nzima inalegea.

Waya ndio nataka tukae hapo kidogo. Nilimfungia mama sola kijijini upande wa Mvumi, kontrola nikaweka sebuleni, betri nikaificha stoo, mita sita hivi, waya nikatumia wa unene wa milimita za mraba 1.5 kwa sababu ndio uliobaki. Kila siku tv inazima kabla ya taarifa ya habari kuisha. Fundi akasema betri imekufa, tukanunua nyingine, ikawa vilevile. Siku moja saa sita mchana nikapima mwenyewe, kontrola inasoma volti 14.2, nikapeleka kipima volti kwenye vichwa vya betri nikakuta 13.0. Yaani volti nzima na zaidi imepotelea kwenye waya, kontrola inaamini betri imejaa inapunguza chaji, kumbe betri ina njaa. Niliumia sana kwa ile hela ya mama. Nikasogeza kontrola stoo, mita moja tu kutoka kwenye betri, nikaweka waya wa 6, haijazima tena. Kutoka kwenye paneli kushuka chini pia weka wa 4 au 6, na fyuzi ya ampea 20 karibu na kichwa cha chanya cha betri.

Kuunganisha kuna mpangilio wake: betri kwenye kontrola kwanza, alafu paneli, mwisho taa. Kufungua unarudi nyuma, taa, paneli, betri mwisho. Ukianza na paneli, zile volti 22 zinaweza kuua kontrola. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa Tanesco, inaenda moja kwa moja kwenye betri na waya wake mnene, na usithubutu kupigia pasi, pasi ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 80. Kama nyumba ina Luku, usiunganishe inveta kwenye waya za nyumba mwenyewe, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aweke swichi ya kubadilisha, la sivyo umeme wako unarudi kwenye nyaya za nje na unaweza kumuua mtu wa Tanesco juu ya nguzo.

Betri ya asidi isikae chumba cha kulala, inatoa gesi inayoshika moto. Ikipungua ongeza maji ya betri tu, maji yetu ya bomba yana chumvi. Asubuhi kabla jua halijapanda na taa zimezimwa, pima volti za betri: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.1 ni nusu hivi, chini ya 12 jana mliichosha, leo tv ipumzike.

Kiangazi vumbi linakaa juu kama unga, kule kwa mama, mdogo wangu ndiye anapanda kila Jumapili alfajiri na kitambaa laini na ndoo ya maji, anafuta na kukausha kabisa ile chumvi isigande kwenye kioo. Mchana hapana, kioo kimechemka, maji ya baridi yanaweza kukipasua.