Mahamri na mbaazi za nazi ughaibuni: vipimo ni vile vile, jiko ndilo lililobadilika

Mahamri yakikataa kuvimba ughaibuni, wengi hukimbilia kubadilisha vipimo. Hamira inaongezwa, yai linatiwa, mwisho unapata kitu kinachofanana na donati. Vipimo havina kosa. Kilichobadilika ni tui, ambalo sasa linatoka kwenye kopo, pamoja na unga, maji ya bomba na joto la nyumba. Ukivirekebisha hivyo, mlo wa asubuhi unarudi kama ulivyouacha pwani.

Vipimo hivi vinatoa mahamri 24 na mbaazi za watu wanne au watano.

Kwa mahamri: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu gramu 7 (ndicho kipimo cha pakiti moja ndogo), iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa, chumvi nusu kijiko cha chai, tui la kopo mililita 200 na maji mililita 80. Mafuta ya kukaangia lita 1.

Kwa mbaazi: mbaazi kavu gramu 250, kopo moja la tui la mililita 400, kitunguu kimoja kikubwa, pilipili mbichi mbili, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi.

Hatua ya 1: Kununua

Hapa ndipo mapishi mengi yanapoharibikia, kwa hiyo soma vibandiko bila haraka.

Tui la kopo linalofaa lina mafuta gramu 17 hadi 20 kwa kila mililita 100. Lililopunguzwa mafuta huwa na gramu 5 hadi 7 tu. Hilo ni tui la pili kwa bei ya tui la kwanza. Tui la boksi linalouzwa karibu na maziwa ni kinywaji, halipiki kitu. Kuna pia kopo la krimu ya nazi yenye sukari, la kutengenezea vinywaji vya baa. Ukilitia kwenye mbaazi, sufuria nzima imekwenda. Ukipata nazi iliyokunwa na kugandishwa kwenye maduka ya Wahindi, Wafilipino au Wathai, acha kopo. Iyeyushe, isage kwenye blenda na maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, kisha kamua kwa kitambaa safi. Usitupe chicha: itie maji tena, ikupe tui la pili.

Unga wa kawaida wenye protini ya asilimia 10 hadi 11.5 ndio unaofaa. Ujerumani chukua namba 550, Ufaransa T55. Unga wenye nguvu wa mikate, wa asilimia 13, hutoa donge linalojirudisha kila ukilisukuma, na hamri lake hutafunwa kama mkate. Uingereza kuwa macho na unga uliochanganywa tayari na bekinpauda. Unapangwa rafu moja na ule wa kawaida, na ukikutana na hamira unakupa mahamri yenye vitundu vidogo ndani badala ya uwazi mmoja mkubwa.

Iliki nunua ikiwa ndani ya maganda ya kijani. Ya unga hupoteza harufu mapema mno, na ile nyeusi yenye maganda makubwa ina harufu ya moshi, si ya mahamri. Uswidi na Finland huna haja ya kuihangaikia: wenyeji huitia kwenye mikate yao mitamu, na supamaketi zinayo.

Mbaazi zitafute kwa majina ya wenzetu. Wajamaika huziita gungo, Wapuertoriko huziita gandules. Kwenye maduka ya Wahindi ni tuvar, lakini omba nzima zenye maganda. Zilizopasuliwa ndizo za dali. Zitakuvurugikia zote, na utakachopata ni dali ya nazi. Za kopo zinafaa siku ya haraka, ila zikiwa za kijani ladha yake inakuwa ya mboga mbichi.

Hatua ya 2: Loweka mbaazi usiku

Tia mbaazi kwenye maji lita 1.5 yenye chumvi gramu 20, zikae kwa muda wa saa 8 hadi 12. Chumvi hapa ina kazi: inalainisha ganda. Kama birika lako linajenga ukoko mweupe, maji yenu ni magumu, kama yalivyo London. Madini ya kalsiamu hushikamana na ganda la mbaazi na kulikaza, ukachemsha saa tatu bila kitu. Ongeza robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye maji ya kulowekea. Usizidishe, huacha ladha ya sabuni. Asubuhi mwaga maji hayo na usuuze.

Hatua ya 3: Kanda

Katika nyumba ya nyuzi 18 tui la kopo hutoka na mabonge meupe, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Ukilimimina hivyo kwenye unga, mabonge hayo hayasambai. Yanakaa kama madoa ya mafuta, na mahali pale hamri linatoboka likiwa ndani ya karai. Simamisha kopo zima kwenye bakuli la maji ya moto dakika 10, litikise, ndipo ulifungue. Changanya tui na maji yawe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 38. Kidole kikizama usisikie moto wala baridi, hapo ndipo. Karibu na nyuzi 60 hamira inakufa.

Changanya vitu vikavu, tia tui kidogo kidogo, ukande dakika 12. Donge lianze kwa kunata, limalizie likiwa laini kama ndewe la sikio. Likinata bado baada ya dakika 12, paka mikono mafuta, usiongeze unga. Likikataa kushikana, ongeza maji kwa kijiko kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Umua

Sukari nyingi huchelewesha hamira. Kwenye nyuzi 27 donge huumuka kwa saa moja na nusu hadi mbili, kwenye nyuzi 18 linaweza kuchukua saa nne. Oveni ni msaada mkubwa: washa taa yake tu bila moto, au weka ndani sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka, ufunge mlango. Donge liwe limepanda mara mbili.

Unaweza pia kukanda usiku na kuliweka friji hadi asubuhi, likiwa limefunikwa. Njia hii huongeza ladha, na kwa anayewahi kazini ndiyo bora. Liache nje saa moja kabla ya kulisukuma, maana mafuta ya nazi yaliyoganda hulifanya gumu kama jiwe.

Hatua ya 5: Sukuma

Gawa madonge sita ya gramu 145 hivi. Sukuma kila moja kuwa duara la sentimita 18, unene wa milimita 5, kisha kata vipande vinne. Unene uwe sawa pande zote. Penye wembamba panakauka kama karatasi, penye unene hapafunguki.

Sasa angalia kosa ambalo Mombasa au Zanzibar hungelijua. Majira ya baridi hita hukausha hewa ya nyumba. Vipande vikikaa wazi dakika 20 vinafanya ngozi. Piga kwa kidole: ukisikia ukavu badala ya ulaini, ngozi imeshika. Ngozi hiyo haitanuki, kwa hiyo hamri litavimba upande mmoja au litapasuka ubavuni na kunywa mafuta. Vifunike kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa vizuri, vipumzike dakika 15 hadi 20.

Hatua ya 6: Kaanga

Tumia mafuta ya alizeti au kanola, kina cha sentimita 3 au 4. Joto liwe nyuzi 175 hadi 180, na kipimajoto cha jikoni kinalipa gharama yake hapa kuliko kifaa kingine chochote. Bila kipimajoto, dondosha kipande kidogo cha unga: kizame, kisha kiibuke juu chenyewe kwa sekunde mbili au tatu. Kikielea papo hapo na kubadilika rangi, mafuta yamezidi moto. Sukari itaungua nje, ndani kubaki kubichi.

Jiko la umeme la bamba huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. Punguza moto mafuta yakifika 170, yatamalizia safari yenyewe. Kaanga vipande vitatu kwa mara moja, si sita, maana kila kipande kinashusha joto.

Mara hamri linapopanda juu, limwagie mafuta ya moto mgongoni kwa mwiko, mfululizo, sekunde tano au sita. Usingoje. Mvuke ulio ndani unahitaji ngozi ya juu iive ikiwa bado inanyumbuka. Ukichelewa, inakakamaa na hamri linabaki bapa. Likivimba ligeuze, lipate rangi ya asali ya giza, uliepue kwenye chujio badala ya sahani, lisilowe chini.

Hatua ya 7: Mbaazi

Chemsha mbaazi kwa maji mapya, dakika 60 hadi 90, au dakika 15 hadi 20 kwenye sufuria ya presha. Ziive kabisa, zipondeke kwa vidole viwili bila kiini kigumu, kabla hujatia kitu chochote kichachu kama limau au nyanya. Uchachu huzuia mbaazi kulainika.

Kisha tenga tui. Changanya mililita 150 na maji mililita 250: hilo ndilo tui jepesi lako. Mimina kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, pilipili zilizopasuliwa, bizari na chumvi, zichemke dakika 15. Ponda mbaazi kiasi cha upawa mmoja ubavuni mwa sufuria. Wanga wake ndio utakaoshika tui lisikatike. Malizia na tui zito mililita 250, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja, dakika 8 hadi 10. Sufuria itoe mapovu ya hapa na pale tu. Likichemka kwa nguvu litakatika, mafuta yaelee kando na chini kubaki maji. Likikukatikia, epua, ponda upawa mwingine wa mbaazi na ukoroge. Rojo itarudi kwa sehemu kubwa.

Zikiwa jikoni mbaazi ziwe nyepesi kidogo kuliko unavyozitaka. Zikipoa hukaza.

Kopo la tui la mahamri limebaki nusu. Ligandishe kwenye kisahani cha barafu, linatosha mahamri ya wiki ijayo. Mahamri yaliyosalia yaweke friza siku hiyo hiyo yakishapoa. Yapashe kwenye oveni ya nyuzi 160 dakika 8. Maikrowevu huyafanya yavutike kama ngozi yakipoa tena.