Kabla hujamkabidhi mtu mbwa, fika kwake

Mtu akinipigia simu anataka mbwa, simuulizi kama anapenda wanyama. Hakuna atakayesema hapendi. Namuuliza: nani atampikia? Nyumba nyingi za Dar jibu ni dada wa kazi au kijana wa bustani, basi naomba niongee na huyo. Kama dada anaogopa mbwa, ugali utarushwa kwa mbali na maji yatasahaulika, hata bosi awe mwema kiasi gani.

Halafu, anamtaka wa nini? Ulinzi si kosa. Ila akisema "nataka mkali, mchana tutamfungia asizoee watu", namshukuru na kukata simu. Mbwa wa hivyo siku banda likiachwa wazi anamng'ata mtoto wa jirani. Vivyo hivyo anayeulizia jike ambaye hajafungwa kizazi. Huyo anatafuta biashara ya watoto wa mbwa.

Waliobaki nawatembelea. Nasema nitapita Jumamosi, saa sitaji. Nikifika Goba au Tabata nainama kwanza kuangalia chini ya geti: ngumi yangu ikipita, mtoto wa mbwa naye atapita. Banda la bati tupu lisilo na kivuli, kwa jua la Februari, ni tanuri. Kama pana mbwa tayari, huyo ndiye mdhamini wao. Nampapasa shingo, manyoya yaliyonyonyoka na ngozi iliyokakamaa chini ya mkanda vinanieleza habari za mnyororo. Namfunua sikio kutafuta kupe. Kisha naomba kadi ya chanjo. Ya kichaa cha mbwa huanza kwenye miezi mitatu hivi na hurudiwa kila mwaka, na ugonjwa wenyewe dalili zikishatokea hauna tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. "Kadi ipo, sijui iko wapi" kwangu ni hapana mpaka ionekane.

Mpangaji, naongea na mwenye nyumba mwenyewe. Ua ukiwa wa pamoja nawauliza na majirani. Wanaoswali hawatafurahia pua mbichi ya mbwa kwenye kanga iliyoanikwa, na hapo sina ubishi nao.

Swali linalowababaisha wengi ni hili: Krismasi mnakwenda wapi? Moshi, wote, wiki mbili. Na mbwa? Kimya. Ndiyo maana Desemba sitoi mbwa kwa mtu anayesafiri.

Tukikubaliana tunaandikiana karatasi moja: jina, namba ya NIDA, tarehe ya chanjo ijayo, na kwamba akishindwa anamrudisha kwangu, hamgawi wala kumtelekeza sokoni. Mbwa nampeleka mwenyewe. Aliyeniambia "mfunge tu kwenye kiroba, namtuma bodaboda" hakumpata.