Somo: Usiku wa mwaka 1958, santuri kwanza, filamu ya kutisha baadaye

Wengi mmeniomba nieleze ninavyoandaa Jumamosi zangu za nyimbo za zamani na filamu za kutisha. Kanuni yangu ni moja na siivunji: kila kitu cha usiku huo kitoke mwaka mmoja. Ukichanganya wimbo wa 1964 na filamu ya 1931, mtaburudika, ila hamtaketi kamwe kwenye sebule ya kijana wa wakati ule. Kwa anayeanza, achukue 1958.

Hatua ya 1: Ujue mwaka wako

Mwaka 1957 vituo vya televisheni vya Marekani viliuziwa furushi la filamu 52 za zamani za studio ya Universal, zikiwemo Dracula na Frankenstein za 1931. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa filamu hizo zilipotoka wakaziona kwa mara ya kwanza nyumbani, usiku umekwenda. Na ni vijana haohao ambao alasiri, wakitoka shule, waliwahi kipindi cha muziki na dansi cha American Bandstand cha Dick Clark, kilichorushwa kutoka Philadelphia.

Philadelphia hiyohiyo ilikuwa na John Zacherle, mtangazaji aliyevaa koti refu jeusi la mzika maiti na kuzitambulisha filamu zile. Mapema 1958 akatoa santuri, Dinner with Drac, kwa lebo ya Cameo ya mji huohuo, ikapanda hadi nafasi ya 6 nchini Marekani. Ndiyo maana mimi siwezi kutenganisha mapenzi haya mawili. Yalilelewa nyumba moja.

Hatua ya 2: Panga nyimbo

Sita zinatosha. Anza kwa upole: All I Have to Do Is Dream ya Everly Brothers, kisha Poor Little Fool ya Ricky Nelson, wimbo wa kwanza kabisa kuongoza chati ya Hot 100 ilipoanza Agosti 1958.

Wa tatu usiuruke: To Know Him Is to Love Him ya Teddy Bears. Phil Spector, kijana wa miaka 18, aliyatoa maneno yale kwenye jiwe la kaburi la baba yake. Waambie wageni jambo hilo kabla hujaweka sindano, sio baada. Sauti ya binti anayeimba ni laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, na ukishajua inatoka makaburini, chumba chote kinatulia. Hapo sijazima hata taa moja.

Malizia na za mazimwi: Purple People Eater ya Sheb Wooley, Dinner with Drac, na The Blob ya Five Blobs. Huo wa mwisho Burt Bacharach aliuandika na Mack David kwa ajili ya filamu ya jina hilohilo, na ukaingia kwenye chati.

Hatua ya 3: Tunza santuri

Santuri ndogo ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, na nyingi zina tundu kubwa katikati, kwa hiyo uwe na kile kiduara cha plastiki cha kuzibia. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, ukifuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Ukibahatika kupata zile nzito za mizunguko 78, usiziguse kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa sheleki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha.

Hatua ya 4: Chumba na televisheni

Zima taa. Televisheni za siku hizi zina mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha, uzime pia. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na zikilainishwa zinafanana na tamthilia ya mchana. Tena usiivute picha ijae kioo, acha mistari myeusi pembeni.

Hatua ya 5: Filamu

Chaguo langu ni Dracula ya 1958 ya kampuni ya Hammer, iliyopigwa Uingereza na Terence Fisher. Sikiliza muziki wa James Bernard tangu mwanzo: nota zake kuu zinatamka jina lenyewe, Dra-cu-la. Christopher Lee, ndiye Dracula, anazungumza mwanzoni tu, kwa adabu za mwenyeji mwema, halafu hatoi tena neno hadi mwisho. Ukimya ule ndio unaonitisha mimi, kuliko meno na kuliko damu. Na Peter Cushing, anayemwigiza mwindaji wa Dracula, anapokimbia juu ya meza kuelekea pazia, naomba usiongee na mtu.

Maswali ya wanachama

Mama Rahma: Kaka, nina simu na spika tu, sina mashine ya santuri. Nifanyeje?

Dada, simu inafaa kabisa. Tafuta matoleo ya mono, yaani ya sauti ya mkondo mmoja, kwa kuwa ndivyo santuri ndogo za mwaka ule zilivyosikika. Zima ule mpangilio wa nyimbo kufuatana zenyewe, na kila wimbo ukiisha uache kimya kidogo, kama unageuza santuri.

Mjukuu wa Pangani: Shikamoo mzee. Bibi hataki filamu za mashetani zianze baada ya Magharibi. Nimeshindwa kumshawishi.

Marahaba mjukuu. Usimshawishi, nyumba ni yake. Weka The Blob: humo hamna shetani wala mfu, ni donge jekundu tu linalotoka angani na kumeza watu. Ilipigwa Pennsylvania, na donge lenyewe ni silikoni iliyotiwa rangi. Ile sehemu ambapo watu wanatoka mbio kwenye sinema ilipigwa Colonial Theatre, mjini Phoenixville, na jengo lipo hadi leo. Mwoneshe bibi, kisha umweleze hayo.

Baba Junior: The Fly nayo ni ya 1958. Watoto wa miaka minane wanaweza kuiona?

Hapana, kaka. Mwisho wake, kwenye utando wa buibui, ni mzito kwa mtoto. Mimi mwenyewe sauti ile ndogo inayoomba msaada inanifuata mpaka kitandani.

Saida wa Muscat: Marehemu baba alikuwa anapiga Jim Reeves kila Ijumaa jioni. Natamani kuanza na He'll Have to Go. Itaingia?

Kwa 1958 haitaingia, dada, ilitoka mwishoni mwa 1959 ikavuma 1960. Basi hamia 1960. Mwaka huo una Psycho ya Hitchcock, na violini za Bernard Herrmann zitakushika vilevile. Weka Jim Reeves wa kwanza, wote wakiwa wameshaketi, na uwaambie ni wimbo wa baba.