Kozi za mtandaoni kwa anayeanza: jina, saa, na kazi iliyobaki rasimu

Mtu wa Lubumbashi anayeingia kozi ya mafunzo endelevu mtandaoni kwa mara ya kwanza huogopa somo lenyewe: uhasibu utanishinda, mwalimu ataongea Kifaransa cha haraka. Wengi wanaokosa cheti, hata hivyo, hukwama pembeni kabisa ya somo. Jina liliandikwa ovyo, saa ilisomwa ya mji mwingine, kazi ilipakiwa lakini haikutumwa. Hatua zifuatazo hazilingani urefu, kwa sababu hata mitego hailingani.

Hatua ya 1: Jua unatafuta karatasi gani

Kuna uthibitisho wa kushiriki, kuna cheti cha kufaulu, na kuna krediti za chuo. Hizi tatu zinafanana kwenye tangazo tu. Katika mfumo wa Ulaya, krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na kusoma peke yako na mtihani. Kozi nyingi za mafunzo endelevu za Marekani hupimwa kwa CEU, kipimo cha saa za mafunzo, na CEU moja ni saa 10. Tangazo likisema "CEU 3" linakuahidi saa 30 za mafunzo, halikuahidi kipande cha lisansi, yaani shahada. Kama unataka karatasi ihesabiwe UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au kwenye faili yako ya kazi, muulize atakayeipokea. Anayeiuza atasema ndiyo siku zote.

Kwa mara ya kwanza, chukua kozi fupi ya bure, ya wiki nne hivi, uimalize. FUN-MOOC ya Ufaransa ina kozi za bure kwa Kifaransa. OpenLearn ya Open University ya Uingereza ni ya Kiingereza, na uthibitisho wake wa kushiriki ni wa bure. Coursera na edX hukuruhusu kufuata kozi nyingi kwa kiasi fulani bila kulipa, lakini cheti kina bei. Coursera ina fomu ya kuomba msaada wa ada, na jibu huchukua wiki mbili hivi, kwa hiyo ombeni mapema, msingoje kozi ianze. Anayelipa dola mia kwenye kozi yake ya kwanza maishani analipia majaribio.

Hatua ya 2: Barua pepe

Iwe yako mwenyewe. Ya kazini itafungwa siku utakapoondoka kampuni, na cheti kitabaki ndani. Neno la siri liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Hatua ya 3: Jina

Hapa tukae kidogo.

Sisi tuna majina matatu: jina la ukoo, postnomu (jina la pili linalofuata) na prenomu (jina lako binafsi). Jukwaa, yaani tovuti ya kozi, lina visanduku viwili. Tuseme kadi yako ya mpiga kura imeandikwa Ilunga, kisha Mwamba, kisha Chantal. Wengine wanaacha Mwamba kabisa, na cheti kinatoka "Chantal Ilunga". Akina Chantal Ilunga hapa mjini ni wangapi? Anayepokea faili yako ana haki ya kuuliza wewe ni yupi. Wengine wanafungua jukwaa la Kiingereza, wanaulizwa "jina la kwanza", wanaangalia kadi, wanaona la kwanza ni Ilunga, wanaandika Ilunga. Jukwaa lilikuwa linauliza prenomu. Na wengine wanajaza yote matatu kwenye kisanduku kimoja, halafu wanarudia Ilunga kwenye cha pili kwa sababu fomu haikubali kisanduku kitupu, na cheti kinasomeka "Ilunga Mwamba Chantal Ilunga".

Utaratibu ni huu. Kisanduku cha jina la ukoo: Ilunga Mwamba, nafasi moja katikati, bila kistari. Kisanduku cha prenomu: Chantal. Cheti kitatoka "Chantal Ilunga Mwamba", na kila jina lililoko kwenye kadi litakuwa kwenye cheti.

Utaratibu huo hubadilika kama kozi ina mtihani unaosimamiwa kwa kamera na utaonyesha pasipoti. Hapo fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini kabisa yenye alama nyingi za <. Mstari wa juu kati ya hiyo miwili una herufi COD, yaani Kongo yetu. Kila kilichoko kati ya COD na alama mbili zilizoshikana, <<, ndicho kompyuta inakiita jina la ukoo. Kinachofuata baada ya << ndicho prenomu. Alama moja < katikati ya majina ni nafasi tu. Ukikuta postnomu yako imewekwa baada ya <<, iandike kwenye kisanduku cha prenomu, hata kama moyo haupendi. Anayekagua ataweka akaunti na pasipoti pembeni kwa pembeni, naye hajui desturi zetu.

Kadi ya mpiga kura nayo ina mambo yake. Wino wa nyingi unafifia mpaka sura inakuwa kivuli. Yako ikiwa bado inasomeka, iskani leo pande zote mbili na uhifadhi picha hizo kwenye barua pepe yako. Siku ya mtihani kamera itataka kadi yenyewe, si picha yake, kwa hiyo jiulize kama sura yako bado inaonekana. Kisha waandikie wenye kozi, kabla ya kulipa, swali moja: je, mnapokea kadi ya mpiga kura ya RDC, au pasipoti tu? Jibu lihifadhi. Pasipoti haipatikani kwa wiki moja.

Kama karatasi zako hazikubaliani, diploma inasema Muamba na kadi inasema Mwamba, akaunti ifuate kadi. Usichanganye herufi za hapa na za kule kutafuta mapatano, utazaa jina la tatu ambalo halipo kwenye karatasi yoyote. Mama anayeitwa kwa jina la mume mtaani na kanisani, nalo lisiingie kama halipo kwenye kadi.

Mtego wa mwisho ni kile kitufe cha kuingia kwa Google au Facebook. Ni rahisi, ndiyo. Lakini kinabeba jina ulilojipa huko, na vyeti vya "Chacha Mrembo" vimeshatoka. Jiandikishe kwa barua pepe na ujaze mwenyewe. Kama ulishabonyeza, nenda kwenye profaili ukarekebishe sasa hivi, kabla cheti cha kwanza hakijatolewa. Kikishatoka, majukwaa mengi yatadai skani za kitambulisho na siku za kusubiri kwa kosa la herufi mbili.

Hatua ya 4: Nchi, simu, tarehe ya kuzaliwa

Kwenye orodha ya nchi kuna Kongo mbili. Ukichagua ya Brazzaville, simu yako itapewa +242 na ujumbe wa kuthibitisha hautafika. Yetu ni +243, na sufuri ya mwanzo inaondoka. Majukwaa ya Marekani huanza na mwezi kabla ya siku: 04/09 kwao ni tarehe 9 Aprili.

Hatua ya 5: Saa

Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC. Kinshasa iko saa moja mbele. Ndani ya profaili tafuta sehemu ya ukanda wa saa na uchague Africa/Lubumbashi. Jina hilo lipo kwenye orodha, si lazima kukisia, na linafaa pia kwa Bukavu na Goma.

Ukiacha UTC, darasa la moja kwa moja la saa 18:00 ya kwetu litaandikwa 16:00. Utafungua 16:00, hutakuta mtu, utasema limefutwa. Hasara hiyo ni ndogo. Mbaya ni kuchagua Nairobi kwa kuwa ndilo jina la kwanza unalolitambua: Nairobi iko saa moja mbele yetu, hivyo mwisho wa kutuma kazi utaandikwa 23:59 wakati kwetu ni 22:59. Utafika saa moja baada ya mlango kufungwa ukiwa na uhakika kabisa uko ndani ya muda.

Tarehe zinazoandikwa kwenye barua hazigeuzwi na profaili, hizo unahesabu mwenyewe. Paris ni saa sawa na sisi toka Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miezi mingine sisi tuko saa moja mbele. Montréal tunaitangulia kwa saa sita wakati wa joto lao, saba wakati wa baridi. Darasa la 18:00 la Montréal ni 00:00 kwetu wakati wa joto lao, au 01:00 wakati wa baridi, usiku wa kuamkia kesho yake. Kozi ya namna hiyo mimi siishauri kwa mtu anayefika kazini saa moja na nusu asubuhi. Tafuta ile ambayo darasa lake linarekodiwa.

Hatua ya 6: Kulipa

Kadi ya Visa au Mastercard ya kulipia kabla inatosha, yenye dola za kozi tu na ziada ndogo ya makato. Laini inayopokea namba ya kuthibitisha malipo kutoka benki iwe kwenye simu na yenye mtandao dakika hiyo, kwa sababu namba hufa baada ya muda mfupi. Malipo yakikataliwa mara mbili, acha. Ukijaribu mara kumi, benki inaweza kuizuia kadi.

Hatua ya 7: Mega na umeme

Video ya ubora wa 720p hula giga moja hivi kwa saa, na pengine zaidi. Ya 360p hula mega 300 hivi. Sauti peke yake, mega 50. Kwa somo la kuandika na kuongea, 360p inatosha. Jedwali la Excel tu ndilo linahitaji picha safi. Tumia programu ya simu ya Moodle (jukwaa linalotumiwa na vyuo vingi) au ya Coursera, ambazo zinaweza kupakua masomo ukayatazama bila mtandao, kama mwenye kozi ameruhusu. Pakua usiku kwa forfe (kifurushi cha mega) ya usiku, soma mchana. Zima kwanza programu nyingine kujisasisha zenyewe, la sivyo forfe yote italiwa kabla video ya kwanza haijafika nusu.

Kwa delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya SNEL, kampuni ya umeme, pawabenki ya mAh 20,000 hujaza simu ya kawaida mara mbili hadi tatu. Kompyuta nyingi haiwezi kuzichaji.

Hatua ya 8: Kutuma kazi

Kwenye Moodle, kupakia faili na kutuma kazi vinaweza kuwa vitendo viwili. Baada ya kupakia, ukurasa unaonyesha jina la faili lako na tarehe, na mtu anafunga akidhani amemaliza. Tazama mstari wa hali ya kazi. Ukisomeka "Brouillon (non remis)", hiyo ni rasimu, iko kwako bado. Shuka chini, bonyeza kitufe cha kutuma, kubali swali litakalotokea, urudi uhakikishe imeandikwa "Remis pour évaluation". Piga picha ya skrini hiyo, saa ionekane. Tuma PDF, maana Word ya simu huvuruga majedwali.

Kwenye kozi ambazo wanafunzi husahihishana, alama yako inaweza isitoke mpaka nawe usahihishe kazi za wenzako, mara nyingi tatu. Watu wanasubiri alama wiki nzima wakati jukwaa linawasubiri wao.

Hatua ya 9: Jaribio lenye dakika

Ukishalifungua, saa inayohesabu iko kwenye seva, haiko kwenye simu yako. Umeme ukikatika inaendelea. Moodle kwa kawaida huhifadhi majibu kila dakika, na pia unapohamia ukurasa mwingine. Mtandao ukikatika, usifunge ukurasa: washa mtandao wa laini ya pili, ya kampuni nyingine, halafu bonyeza kwenda mbele. Laini hiyo ya pili iwe na mega kabla hujaanza. Fanya asubuhi. Toka Novemba hadi Machi, mvua ya alasiri ikinguruma huku Katuba, hapa Lubumbashi, umeme na antena hupotea pamoja.

Hatua ya 10: Cheti

Kipakue siku kinapotoka, soma jina herufi kwa herufi, hifadhi PDF pamoja na kiungo cha kukithibitisha. Mwajiri makini atafungua kiungo, maana PDF mtu yeyote anaweza kuichora. Kama ulikuwa unalipa kwa mwezi, simamisha malipo siku hiyo hiyo, kisha tazama salio la kadi mwezi unaofuata.